Alama Tano za Beechmont

Mukabutera alikuwa amesimama juu ya kiti, akisugua ukungu mweusi wa dari kwa kitambaa chenye siki, mlango ulipogongwa. Chumbani, mjukuu wake Olivier alikuwa akikohoa tena.

Waliingia watu watatu: kijana wa kizungu aliyeshika tableti, Aksanti wa kanisani kwao aliyekuja kutafsiri, na meneja wa jengo. Meneja hakuwa na kazi pale. Aliegemea mlango tu, macho darini.

"Maman, huyu anapima namna watu wa mtaa huu wa Beechmont banaona maendeleo ya hapa," alisema Aksanti. "Ni maendeleo ile haiharibu hewa na maji, ile itabakia batoto. Unapatia alama, moja mpaka tano. Moja ni mubaya. Bon, nyumba yako iko namna gani kwa afya?"

Mukabutera akamtazama meneja. Majira ya baridi yalipoanza, mtu huyu alimwambia, kupitia mdomo wa Olivier, kwamba anayelalamika sana atafute pa kuhamia.

"Tano," alisema.

Aksanti akashusha sauti. "Maman, ile weusi ya juu naiona. Na mutoto anakohoa. Sema kweli."

"Donc nikisema kweli, utatulalisha kwako?"

Aksanti akageuza macho kwenye tableti.

"Basi andika tano."

Hewa? Tano. Basi la mjini, lile ambalo siku hizi halipiti tena karibu? Tano.

Meneja aliuliza jambo kwa Kiingereza.

"Anasema ameridhika," Aksanti alimjibu, bila kumtazama.

Kiangazi kilipokaribia, wapangaji waliitwa kwenye ukumbi wa maktaba. Ukutani palikuwa na picha ya jengo lao, madirisha mapya, paneli za sola paani. Yule kijana alisema wakazi hawa wanaunga mkono maendeleo kuliko mtaa wowote uliopimwa. Wageni waliokaa viti vya mbele wakapiga makofi. Mukabutera hakuelewa neno, ila sura ya kijana aliitambua; naye akapiga, akimwitikia kwa kichwa kwa heshima.

Kisha akasimama mwenye jengo. Aliwashukuru wakazi kwa imani yao. Ukarabati ungeanza Septemba, kwa hiyo kila mpangaji awe ametoka kabla ya hapo. Watakaoiweza kodi mpya wangekaribishwa kurudi.

Makofi yakaanza tena mbele. Aksanti, aliyeketi kando yake, alikuwa ameinamisha kichwa.

"Banasema nini?" Mukabutera alimuuliza, huku akipiga makofi.