Nguo Iliyovaliwa

Kra. Kra. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa kumi na mbili jioni, na sauti ya mkasi ilitoka nyuma ya pazia. Nikawasha tochi ya simu. Olive, binti yangu wa miaka sita, alikuwa anakata upindo wa gauni lake la buluu.

"Nani amekutuma?"

"Papa Fortunat. Kila mutoto alete kipande cha nguo aliyovaa. Mupya hapana."

Fortunat nilimjua kwa macho tu: mgeni hapa mtaa wa Murara, mjini Goma, anayejenga jukwaa la katoni katika ukumbi wa parokia kwa ajili ya festivali ya marioneti, wale watu wadogo wanaovaliwa kwenye vidole. Lakini nguo yenye jasho la mtoto wangu? Nikakificha kipande hicho chini ya godoro.

"Weye musomi wa kozi za jioni!" jirani yangu, Mama Charline, akanicheka. "Nguo ya mutoto wako ilale kwa mutu ambaye hujui hata kwao?"

Alhamisi kipande hakikuwepo. Nikaenda mbio mpaka ukumbi wa parokia. Marioneti walikuwa wamelazwa mezani, wote sura moja. Mmoja alivaa buluu ile ile. Mgongoni, karatasi: OLIVE.

"Papa, kwa nini nguo iliyovaliwa?"

Fortunat hakuacha sindano yake. "Mupya ni ngumu, mama. Marioneti anasimama kama polisi barabarani. Nguo iliyofuliwa mara mingi inatii kidole."

"Na jina?"

"La kumuita mutoto aje kumuchezesha."

Majibu laini mno. "Toa jina la mtoto wangu."

Akalibandua bila kubisha. Hilo nalo sikulipenda.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Fortunat aliinua marioneti mmoja mmoja, akasoma mgongoni. "Cédrick! Igihozo!" Mtoto anakimbia, anamvaa mtu wake, anampitisha katika Goma ya katoni, kati ya mawe meusi ya volkano na chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zilizotengenezwa kwa njiti. Olive alikaa ukingoni mwa benchi, tayari kuruka kila jina lilipoitwa.

Mwishowe akabaki wa buluu. Fortunat akamgeuza, hakuona kitu, akamlaza tena. Kisha akaniangalia mimi. Alikuwa ananilipizia kisasi, au anangojea ruhusa yangu? Bado sijui.

Olive akapanda juu ya benchi.

"Yule wa buluu ni mimi," akasema.