Mkwe Atavua Jumatatu

Koo lilikuwa limemkauka Mwalimu Ouyang Min. Mchana kutwa alikuwa akihangaika na maneno mawili tu ya Kiingereza, "take off," mbele ya darasa la wazee wa mji wa Zigong, China, ambao watoto wao wamehamia ng'ambo.

"Take ni kuchukua," alisema Mzee Tan, dereva wa lori mstaafu. "Off ni mbali. Sasa kuvua koti kumeingiaje hapo?"

"Yakiungana yanageuka, mzee wangu. Ukivua koti, take off. Ndege ikipaa, take off."

"Kwani ndege nayo huvaa koti?"

Darasa likaangua kicheko. Ouyang akauma meno.

"Na sisi je, kwa Kichina chetu? Tunapiga simu, tunapiga mwavuli tukiufungua mvua ikinyesha, tunapiga sweta tukiifuma kwa sindano. Nani kaumia hapo?"

"Aa, hiyo tofauti, Mwalimu. Kupiga ni kupiga."

Chaki ikamkatikia Ouyang mkononi.

Mama Lü Guizhen peke yake hakucheka. Siku chache zijazo alitakiwa kusafiri hadi Manchester kulea mjukuu, lakini sanduku lake lilikuwa bado tupu. Akainuka, uso umemwiva.

"Mwalimu, mimi siendi tena. Mkwe wangu yule Mwingereza hana haya. Ameniambia kwenye simu, macho makavu, kwamba Jumatatu atavua! Nikamkatia. Binti yangu akipiga sipokei."

"Alitamka vipi, Shangazi?"

"Take Monday off."

Ouyang akafumba macho. Miezi yote hiyo amefundisha, na hakuwahi kuwaambia kwamba neno jingine laweza kukaa katikati.

"Shangazi Lü, hakusema anavua. Ameomba ruhusa kazini. Jumatatu haendi kazini."

"Jumatatu ndiyo ninayofika mimi."

"Ndiyo hiyo hiyo. Anataka aje kukupokea uwanjani."

"Basi mambo safi," Mzee Tan akadakia. "Ndege ivue, mkwe avue, dada Lü akifika naye..."

"Mzee Tan, nyamaza!"

Ouyang hakuwahi kumfokea mtu wa umri wa baba yake. Aibu ilimshika, ila hasira nayo haikumtoka. Akageukia ubao na kuufuta kwa nguvu mpaka vumbi likamkohoza.

Mama Lü alikuwa ameshatoka na simu yake. Kutoka ukumbini walimsikia akimgombeza binti yake: mbona hukunieleza, umeniacha nimtukane mtoto wa watu? Kisha hawakusikia maneno tena, ila kamasi zikivutwa.

Aliporudi, alikwenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya mwalimu.

"Mkwe yuko kwenye simu, anasubiri. Nimwombeje radhi?"

"Mwambie, sorry."

Mama Lü akamtazama kwa mashaka. "Hilo lina maana moja tu? Halitanigeuka?"

Ouyang alijua kwamba hata kwenye msiba Waingereza husema neno hilo hilo.

"Moja tu, Shangazi. Sema."