Maparachichi Juu ya Mayai

Shaban wa Chapwa alipopiga simu, Ezron alidhani amekosea namba. Huyu ndiye mkwe ambaye Ezron alimkataa mbele za watu siku binti yake Rozi alipoposwa na Habibu, mtoto wa Shaban. Harusini hakwenda. Mjukuu sasa anatambaa, na babu hajampakata.

"Mzazi mwenzangu," Shaban alisema, "dume wangu wa chiriku, yule mwimbaji, amekufa. Majike wanaatamia mayai yasiyo na mbegu. Nasikia wa kwako huko Isansa wamejaa banda."

"Nitakutumia mayai," alisema Ezron, na moyo ukamruka. Mayai yakianguliwa, atakwenda Chapwa bila kuinamisha uso.

Kwa kazi ya kufunga mayai Ezron hana mpinzani. Hakuyapasha joto, maana yai likipata moto njiani, kifaranga huanza kuumbika kisha hufa. Alilivingirisha kila yai kwenye pamba, akayalaza ndani ya boksi la viatu lililojaa maganda makavu ya kahawa. Alilitikisa kidogo sikioni. Kimya.

Kisha akalitazama. Lilikuwa dogo. Mtu mzima kutoka Isansa awatumie wakwe kiboksi tu? Watasema Mnyiha huyu ana mkono wa birika. Akalitia boksi kwenye kikapu, akajaza maparachichi juu yake mpaka kikapu kikafura, akakikabidhi kwa kondakta wa basi la Tunduma lipitalo Chapwa.

"Taratibu, kaka," alimwambia. "Kuna mayai."

Jioni Shaban akapiga tena. Aliyasifu maparachichi, akaulizia mvua. Mayai hakuyataja, na Ezron hakuthubutu kuyaulizia. Masikio yalimwaka kwa aibu. Ameyafunga kwa upole wote ule, halafu kwa kuogopa kuchekwa ameyaponda mwenyewe kwa uzito wa maparachichi.

Kikapu kilirudi kwa basi lilelile. Kikapu cha watu hakirudi kitupu: juu mchele, na chini yake boksi la viatu vya mtoto, limetandikwa pamba mpya. Rozi akapiga simu.

"Baba, baba mkwe anasema ujaribu tena. Boksi peke yake. Anasema maparachichi hutumwa na mgeni, na wewe si mgeni. Ikiwezekana mayai uyalete mwenyewe, umeyapakata."

"Sawa, mwanangu," alisema Ezron, akakata simu haraka asije akasikika analia. Si mgeni, wamesema, na nyumba ile hajawahi hata kuikanyaga.