Dawa ya Kifua

"Nimelea saba, na kifua hakijanishinda hata siku moja," mama mkwe aliwaambia wanawake wa kwenye benchi la zahanati. Akatazama vidole vyake. "Ukiwatoa wale wawili."

Benchi zima likachekea puani. Hakuwajali, aliwaona wajinga watupu, mtoto akikohoa mara mbili wanakimbilia foleni. Mapajani mwake mjukuu wa miezi minane alikuwa amefungwa mablanketi mawili, anahema kama mbwa aliyekimbizwa. Baridi tu, alisema. Ilimwingia siku mkwe wake alipomwogesha mlango wazi, na akili nayo wazi.

Mkwe, fundi cherehani, alikaa kando. Siku nne nyuma alikuwa amemleta mtoto hapahapa akapewa dawa ya maji ya pinki yenye harufu ya peremende, kijiko asubuhi na kijiko jioni, na kila alipokwenda kushona sare za shule aliiacha kwa mama mkwe. Naye bibi aliipokea kwa heshima zote, akafunga mlango, akampaka mtoto kifuani. Ugonjwa uko kifuani, dawa iende tumboni kutafuta nini? Hao waliosoma, alijiambia, wanapeleka barua nyumba ya jirani.

Nesi akawaita. Kisichana chenye nyusi za kuchora; bibi alianza kukidharau kutoka kwenye viatu. Kikakazia macho saa, kikahesabu pumzi za mtoto. Kilipofika sabini na dakika haijaisha, uso ukabadilika. Kikauliza dawa imetumikaje.

"Mama ndiye aliyekuwa akimpa," mkwe alisema.

"Kameza yote, mpaka kijiko kalamba," bibi akadakia. "Dawa yenu ndiyo maji matupu."

Nesi akafungua blanketi la kwanza, na la pili, akashika shati. Shati likagoma. Likabanduka taratibu, na chini yake kifua cha pinki, kinang'aa, kinanukia peremende, mbavu zikididimia kwa kila pumzi. Mkwe akamnyakua mtoto bila kuomba ruhusa, nesi akaita mwenzake aandae oksijeni na sindano.

"Bibi, huyu alimezea mdomo upi?"

"Tone moja lilimwagika, mwanangu. Unajua watoto."

Nesi akamgeuza mtoto mikononi mwa mama yake. Mgongoni napo pinki, imekauka, na alama za vidole vitano vya mtu mzima zimeshuka nayo mpaka kiunoni.