Pembe ya Mti Mkavu

Mwalimu wa hesabu alikuwa na kipimapembe kikubwa cha mbao, cha kuchorea ubaoni, na hicho ndicho alichompigia binti wa fundi cherehani mpaka kikapasuka. Alimpiga vidoleni, akampiga begani, akampiga kichwani, na kila pigo akiuliza, "Tanjenti ya arobaini na tano?" Binti alipolia, "Moja, mwalimu, moja!" ndipo akaachwa. Darasa zima likacheka. Walikwisha kumbandika jina la Sifuri, likafika hadi nyumbani, naye alikwisha kuapa kwamba trigonometria ililetwa duniani na mtu mwenye roho mbaya.

Akarudi nyumbani vidole vimevimba, akakuta vita vingine.

Uani palikuwa na mti mkavu, mrefu, umeliwa na mchwa shinani. Usingekatwa siku ile, upepo ungeuangusha unakotaka wenyewe. Huku nyaya za umeme, huku ukuta wa jirani. Palikuwa na mahali pamoja tu pa kuuangushia, upande wa chumba cha mbao alimolala bibi mzaa baba. Bibi alikuwa amevunjika nyonga. Ukimgusa tu, alipiga ukelele ungedhani anachinjwa.

Baba mdogo, mkata miti, alikwisha shika msumeno wake wa mashine.

"Shemeji, mtoe mama humo ndani. Sina siku nzima."

Mama aliingia, akamshika bibi kwapani. Ukelele ukatoka, nywele zikamsimama binti. Bibi akamzaba mama kofi la mdomo. "Niacheni nife kitandani kwangu, wauaji nyie!"

"Mama, ngoja!" binti akasema. Hakuweza kuusikia ukelele ule mara ya pili. "Huenda mti haufiki chumbani. Nitaupima."

Baba mdogo akaangua kicheko. "Wewe Sifuri? Utaupima kwa nini, kwa makalio?"

Mama hakucheka. Alikuwa anafuta damu mdomoni. "Mwache apime."

Binti akafunga uzi na nati kwenye kipimapembe chake kidogo, akakiweka jichoni, akarudi kinyumenyume akikilenga kilele cha mti hadi uzi ukasema arobaini na tano. Mama akalaza chini utepe wake wa kupimia nguo, akausogeza, akausogeza tena. Kutoka shinani hadi miguuni kwa binti, mita kumi na mbili. Kutoka shinani hadi ukuta wa bibi, kumi na tatu.

"Tanjenti ni moja, basi mti ni kumi na mbili! Haufiki, mama! Inabaki mita nzima!"

Hiyo moja aliyopigiwa asubuhi, sasa ilimwacha bibi alale kwa amani. Binti aliona raha ambayo hakuwahi kuipata kwenye hesabu. Mama akamfunika bibi, akarudisha mlango.

Mashine ikanguruma, vumbi la mbao likaruka. Mama aliinama kuuokota utepe, na binti akautazama mkono wa mama kule chini mavumbini. Ndipo akakumbuka. Utepe ulilala chini, lakini pembe aliipima akiwa amesimama. Zile kumi na mbili zilianzia kwenye jicho lake kwenda juu. Kutoka jichoni hadi ardhini kulikuwa na mita nyingine moja na nusu, na hakuihesabu.

"Simamisha! Baba mdogo, simamisha!"

Hakusikia. Akamrukia mkono. Baba mdogo akamtandika kiwiko cha mdomo, jino likadondoka.

"Unataka nikukate vipande, mshenzi wee?"

"Unafika! Mti unafika kwa bibi!"

Baba mdogo akautazama mti. Ulikwisha anza kulia shinani. "Huu hausimamishiki tena," akasema, na sauti haikuwa yake.

Binti akausukuma mlango kwa bega. Hapakuwa na muda wa kwapani wala wa pole. Akashika blanketi alilolalia bibi, akamburuta hadi sakafuni, puu! Bibi akalia, akamng'ata kifundo cha mkono, meno yakazama. Binti hakuachia. Mama akadaka ncha nyingine, wakamburuza hadi nje kwa mlango wa nyuma.

Mti ukashuka. Mabati yakaruka, mbao za ukuta zikavunjika, na tawi moja likapita katikati ya mto wa bibi likazama godoroni.

Mungu ndiye aliyewatoa, na mama alilitaja jina Lake. Kisha akamgeukia binti, akamchapa kofi, na la pili.

"Ulisema haufiki! Nilikuamini!"

Binti hakujikinga. "Nilisahau jicho, mama. Ilinipasa niongeze urefu wa kutoka chini hadi jichoni." Akatema damu.

Baba mdogo alizima mashine, akakaa juu ya gogo, hana mzaha hata mmoja.

Bibi akaguna pale chini. "Na huo mti una urefu gani hasa?"

"Kumi na tatu na nusu, bibi."

"Una hakika safari hii? Au mniburute tena?"

Binti akauchukua utepe shingoni mwa mama, akapiga magoti kando ya gogo. Mkono wenye alama za meno ulikwisha kuvimba, utepe ukawa unamteleza. Mama alikuwa bado anahema kwa hasira. Kisha akaja, akachuchumaa, akaishika ncha.

"Tuanzie hapa?"

"Hapana, mama. Tuanze na kisiki. Nacho ni mti."