Mkamwana na Kopo la Sukari

Thobekile alipoolewa kwa akina Gcaba, kule Nongoma, alimwambia mama mkwe wake kwamba ana kisukari. MaNdwandwe, mama huyo, akafurahi, Mungu amsamehe, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa nacho tangu zamani.

"Basi tumekuwa wawili! Humu ndani sukari ni ya wageni tu, mwanangu."

Alipomwona akijidunga sindano tumboni, alisonya. "Nyie wasichana wa siku hizi, hata kumeza kidonge mnaona kazi!"

Jumapili moja nyama ilikuwa imeiva, Thobekile akajidunga, maana sindano ile hufuatwa na chakula. Mara wakaingia wageni wa baba mkwe wake, mzee Gcaba, na habari za ng'ombe zikaanza. Sasa, kwa mila za kule, mkamwana mgeni hali mpaka wanaume washibe, wala haongei na baba mkwe, wala hamtazami usoni. Thobekile akapiga magoti mkekani, akangoja.

Jasho likamtoka. Mikono ikaanza kutetemeka. Aliponyoosha mkono kwenye kopo la sukari, MaNdwandwe akalinyakua.

"Wewe! Unataka kunifia hapa? Si imepanda hiyo?"

"Imeshuka, mama..." Ulimi ulikuwa mzito kama wa mlevi.

"Imeshuka wapi! Ugonjwa huu mimi naujua."

Na kweli aliujua, ila wa kwake tu.

Thobekile akainua uso, akamtazama baba mkwe machoni. "Baba, naomba sukari."

Mzee Gcaba akaweka sahani yake chini.

"Binti huyu havunji mwiko kwa uroho," alisema. "Lete hilo kopo, mama watoto. Mgonjwa haulizwi uji!"

Akakoroga maji ya sukari, akamnywesha kwa mkono wake mwenyewe.

Alipopata nguvu, Thobekile alipewa sahani, akaeleza huku akila. "Mama, mwili wako unatengeneza insulini, ila hauitumii sawasawa. Ndiyo maana vidonge na kujinyima vitamu vinakufaa. Wangu hautengenezi kabisa. Lazima nijidunge, na nikishajidunga lazima nile, la sivyo sukari inaniishia mwilini."

MaNdwandwe aliketi chini. Hofu ilimshika sasa, mambo yalipokwisha.

"Kumbe ningekuua," alisema. "Ningekuua huku nadhani nakuokoa."

"Ndiyo, mama," alijibu Thobekile, akaendelea kula mbele ya wanaume.