Kibanio cha Mwisho Kambani

Haya, tegueni hiki: nani anaua watu kila mwaka, na majirani bado wanamwazima chumvi? Mmeshindwa? Ni mwandishi wa hadithi za upelelezi. Huyu wetu mtaa mzima ulimwita Mama Mafumbo, hata mumewe.

Juu ya meza yake ya kuandikia alifunga kamba, akabana juu yake vibanio vya nguo. Kila kibanio mshukiwa mmoja. Akimwondolea mtu shaka, anakitoa kibanio chake. Kinachobaki mwisho ndiye muuaji; mtaa mzima ulijua hivyo. Vitabu vyake vyote vilitoka kwenye kamba ile, paka wawili wakishuhudia: Karani, jike mnene aliyependa kulalia karatasi, na Dume, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kumfuata Karani.

Siku hiyo kamba ilibeba watu wa kweli. Karani alikuwa hajaonekana tangu jana asubuhi, na bila ule uzito wa manyoya pembeni ya mkono wake, Mama Mafumbo hakuweza kuandika hata sentensi. Miaka ile wachapishaji walipomkataa mmoja baada ya mwingine, paka yule hakuhama mezani. Akipotea huyu, ataandika na nani?

"Nimebana watatu," alimwambia mumewe. "Muuza samaki, dereva wa lori la taka, na fundi cherehani."

"Na mimi je?"

"Wewe nimekutoa. Ulikuwa unakoroma."

"Ahsante kwa kuniamini."

Muuza samaki alikuwa safarini. Lori la taka halikupita. Kikabaki kibanio cha fundi, jirani wa ukuta kwa ukuta. Mama Mafumbo akamwendea dukani, na mumewe nyuma. Macho yakatua kwenye manyoya yaliyoganda kifuani kwa fundi.

"Fundi, manyoya ya nani hayo?"

"Ya kola ya koti la mteja, mama. Kwani vipi?"

"Karani wangu hayupo tangu jana."

Fundi akaacha cherehani yake, suruali ya watu ikiwa bado chini ya sindano. "Na hukuniambia tangu jana? Twende tumtafute!"

Mama Mafumbo akakunja uso. Katika vitabu vyake, anayejitia kutafuta kuliko wote ndiye mwenye hatia.

"Hiyo ni vitabuni, mke wangu," mumewe, aliyeusoma uso huo, alimnong'oneza.

Alasiri fundi alikuja, magoti vumbi tupu, utando wa buibui kichwani, sauti imemkauka kwa kuita. "Nimeingia hata mtaroni, mama. Bado. Nipeni maji nirudi tena."

Mama Mafumbo aliona haya mpaka masikio yakamchoma. Akaingia chumbani, akakitoa kibanio cha fundi. Kamba ikabaki tupu. Dume alikuwa mbele ya kabati, palepale alipofukuzwa tangu asubuhi, akikwaruza mlango.

"We, toka hapo!" Akamwendea amfukuze tena, na mkono ukagusa ufunguo mfukoni mwa gauni.

Ufunguo wa kabati. Humo alikificha kitabu chake cha kwanza, maboksi kwa maboksi, kile ambacho hakuna aliyekinunua. Hakupenda hata kukiona. Jana asubuhi alifungua, akachukua karatasi za kuandikia, akafunga huku kageuza uso.

Alifungua upesi. Karani alikuwa ndani ya boksi, juu ya kurasa alizozichana zikawa laini kama pamba, na vitoto vikimnyonya. Akainua kichwa, akamlilia bibi yake kwa ukali, hata mumewe na fundi wakaja mbio.

"Mpelelezi mzima!" Mumewe alicheka mpaka akakaa chini. "Hukujua paka wako ana mimba?"

"Nilidhani ni uvivu!"

Fundi alimsogezea Karani maji yake mwenyewe, ambayo hata hakuwa ameyaonja. "Kumbe kitabu kizuri hiki, mama. Tazama walivyotulia."

Machozi yakamtoka Mama Mafumbo, naye akicheka. Miaka yote alikionea haya kitabu kile, kumbe kilikuwa kinangoja kulaza watoto. "Fundi, nisamehe. Kibanio chako ndicho kilichobaki mwisho."

"Mimi? Muuaji?"

"Wewe."

"Basi faini yako ni kitoto kimoja, kikikua."

"Chagua wewe mwenyewe, baba. Na ahsante."

Wanaume walipotoka, Mama Mafumbo aliokota kibanio, akakibana katikati ya kamba: chake mwenyewe. Hakukitoa tena. Kila alipoanza kitabu kipya alikitazama hicho kwanza, kisha akamsogeza Karani kidogo, akaandika.